Ulimi wa Kukodi

Vijana wangu, ninyi mlioniita juzi kwenye lile hema la Rwekubo nije kuwatia moyo, leo nawajibu. Siku ile mlinipa kipaza sauti, mkanipiga picha, na kabla sijameza mate mkaniambia muda umekwisha. Aliyekula muda wangu ni yule kijana wa fulana, aliyeandikwa kifuani kwamba yeye ni mlezi wa vipaji. Mnamkumbuka. Alitufumbisha macho wote ili tujione tutakavyokuwa baadaye maishani. Mimi kwa umri huu nilijiona kaburini, nikafumbua haraka. Mwanamke wa Juru aliyekaa kushoto kwangu alikuwa amefumbua kitambo, kwa sababu baiskeli yake ilikuwa nje bila kufuli.

Halafu akapaza sauti, "Geuka umwambie jirani yako, wewe ni mshindi!" Nikageukia kulia. Kulikuwa na mzee amelala, na nikaona si vizuri kumwamsha mtu kwa ajili ya habari isiyo na uhakika.

"Mimi nimetoka mbali," akasema yule kijana, "na sasa narudisha kwa jamii!" Basi saa ya kula nilimkazia macho nione anarudisha nini. Alirudisha sahani. Kipande cha pili cha nyama alikifunga kwenye karatasi, akaondoka nacho kwenda mjini Mbarara.

Msinielewe vibaya, simchukii. Namchukia kidogo tu.

Mimi ndiye Mama Sifa. Nimetoka Kivu ya Kusini, naishi Juru, na maisha yangu yote ya hapa Uganda nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, matanga, ubatizo, futari za Waislamu kule mjini, na semina. Semina hasa, bana! Hakuna mhamasishaji aliyepita hapa kambini kwetu wakimbizi, Nakivale, ambaye sijamshibisha. Nimewasikia wote nikiwa nyuma ya hema, moshi machoni, na nawaambia kwamba maneno yao ni yaleyale, ila wali tu ndio unabadilika. Sasa nimestaafu. Kwa nini nimestaafu, hilo litakuja, msiniharakishe.

Kwanza mjue kwamba kazi yangu ya mwanzo haikuwa kupika. Ilikuwa kuonja.

Nilipofika Mbarara mara ya kwanza nilikuwa natafuta nguo za kufua. Nikabisha kwenye geti moja, akatoka mwanamke mrefu, mikono mipana, sura ya mtu asiyependa mchezo. Huyo ndiye Hajati Zaituni, mpishi aliyejulikana na Waislamu wote wa mji. Ilikuwa Ramadhani, na yeye ndiye aliyepikia wafanyabiashara futari. Aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

"Wewe dini gani?"

"Mukristo, mama."

"Unafunga?"

Nilidhani ananifukuza. "Hapana, mama. Sifunge."

"Ulimi iko mzima?"

Nikautoa nje nikamwonyesha. Akaukagua kama anavyokagua samaki sokoni. "Basi ingia."

Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi, ninyi mnaolala mkiandika wasifu wenu. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: jikoni kwa Hajati kila mtu alikuwa amefunga, na mpishi aliyefunga hawezi kujua chumvi yake. Najua, masheikh wanasema mpishi anaruhusiwa kuonja kwenye ncha ya ulimi na kutema. Hajati naye alijua. "Sheikh hajui hii koo yangu," alisema. "Hii koo ni mwizi." Kwa hiyo kila Ramadhani alitafuta ulimi wa Mkristo wa kukodi, na mwaka ule ukawa wangu. Wamama wa kanisani kwetu Juru waliposikia walinijia juu. "Mama Sifa, sasa unafunga na Baislamu?" Nikawaambia hapana, mimi ndiye nakula kwa niaba yao.

Siku ya kwanza Hajati akanipa kijiko cha supu ya mbuzi. Nikaonja. Haikuwa na chumvi hata kidogo, alikuwa ameisahau kabisa. Sasa ninyi mnajua tulivyolelewa. Kwetu mtu mkubwa akikupa chakula unasema nini? Hata kama kimeungua, hata kama kina mchanga, unasema aksanti, ni tamu. Nikasema, "Tamu sana, Hajati."

Supu ikaenda mbele ya wanaume waliokuwa na njaa ya kutwa nzima. Halafu nikasikia mmoja anauliza kama kuna chumvi ndani ya nyumba, na mwingine anacheka. Hajati alirudi jikoni, akasimama mbele yangu, hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Hukusikia hii iko bila chumvi?"

"Nilisikia, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe uko mukubwa, mama."

"Sikiliza, Mkongo. Mimi nilikuuliza chumvi. Sikukuuliza heshima. Heshima acha pale mlangoni pamoja na viatu, utachukua ukienda kwako."

Nililia njia nzima. Kesho yake nilirudi, nikaonja, nikasema, "Hajati, leo pilipili manga imezidi." Akaniangalia, akaongeza maji, akaendelea na kazi yake. Hakunisifu. Sijawahi kusifiwa na Hajati, na nilikaa naye mpaka nikaanza kuota mvi. Alichokuwa anasema ni, "Hii vitunguu umekata ama umeuma na meno?" Alisema, "Moto gani huu, unachoma mtu?" Nikawa najifunza. Matusi yake yalikuwa na maelezo ndani. Yule kijana wa hema anakwambia wewe ni nyota, halafu hakwambii hata namna ya kukata kitunguu.

Haya, kwa kuwa nimeshataja kitunguu, tuongee kazi kidogo, nisije nikawa na mimi mhamasishaji.

Maharage usiyatie chumvi mapema, yanagoma kuiva, na maharage ya Juru yana kiburi hata bila kuchokozwa. Kuni mbichi usizipokee, hata mwenye harusi akikuapia kwamba zimekauka. Nilizipokea mara moja kwenye harusi ya mwanakwaya, nikapika bugali wa watu wengi kwa moshi mtupu. Bwana harusi alipokuja kusalimia jikoni akatoka analia, na wakwe wakadhani anajuta. Na chakula kikishika chini ya sufuria, tafadhali, usikwangue! Vijana wote wanakwangua. Hamisha cha juu taratibu kwenye sufuria nyingine, cha chini kiache na dhambi zake. Ukikwangua tu, umewalisha watu wote moshi.

Na pilau sasa. Pilau ina fasi moja tu, mahali pamoja tu pa kuiokoa. Vitunguu vimekolea, nyama imeiva, supu inachemka, mchele umelowekwa uko pembeni kwenye beseni. Hapo ndipo unaonja. Supu inatakiwa ikuguse kwa chumvi, izidi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu mchele utainywa. Ikizidi sana, bado unaweza kuchota supu kadhaa ukatia maji. Ikipungua, unaongeza. Lakini mchele ukishaingia, mama, kunja mikono. Kitakachotoka ndicho hicho.

Ninyi wa siku hizi mnapikia kwenye gesi na simu. Gesi siisemi vibaya, imeokoa macho ya watu. Ila simu! Niliangalia video moja na binti wa jirani. Dada wa watu amejipamba, jiko linang'aa, anapima kila kitu kwa vikombe. Alipofika kwenye chumvi akasema, "Tia kiasi unachopenda." Nikamuuliza binti, sasa huyu amekufundisha nini? Kote kule anapima, palipo na kazi yenyewe anakuachia wewe. Halafu wanamwaga vile vidonge vya kukoleza mchuzi, kuku akawa na ladha ya mbuzi, mbuzi akawa na ladha ya kidonge.

Neema alikuja kwangu na simu ya namna hiyo hiyo. Neema ni binti wa wakulima wa maharage wa hapa hapa Juru. Alikuwa amemaliza mafunzo fulani ya upishi ya haraka haraka, cheti anacho, wamempiga picha amevaa kofia nyeupe ndefu, na sufuria kubwa hajawahi kuigusa. Wakati huo nilikuwa nimeshawafukuza wasichana kadhaa. Dawa yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nampa mgeni sombe, yale majani ya muhogo, niliyoiharibu kwa makusudi, nasubiri. Wote walisema, "Mama, tamu!" Nawapa nauli ya baiskeli, nawarudisha makwao.

Neema alionja, akakunja uso.

"Mama, hii mafuta ya mawese imezeeka."

"Nani imezeeka?"

"Mafuta, mama. Hata wewe unajua."

Mdomo huo! Nikampokea siku hiyo hiyo. Nikamtukana vizuri, kwa maelezo, kama nilivyotukanwa mimi, na yale maneno ya Hajati ya chumvi na heshima nikamwimbia mpaka akayakariri. Alikuwa analia halafu anasingizia vitunguu. Nikampeleka Mbarara, nikamwonyesha kwa Hajati, naye Hajati akamwambia atoe ulimi.

Sasa tufike kwenye ile futari ya Nyamitanga.

Hajati alikuwa amezeeka. Magoti yamekataa, anakaa kwenye kiti jikoni anatoa amri tu. Mwaka ule aliniambia kwamba Ramadhani ikiisha anaacha kazi. Sufuria zake zote, zile kubwa za kuingia mtoto mzima, pamoja na wateja wake wote wa Mbarara, vitakuwa vyangu. Kwa sharti moja. Kulikuwa na familia ya wafanyabiashara pale Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, waliokuwa wanaalika futari kubwa, Waislamu na majirani zao Wakatoliki pamoja. "Ile watu ndiyo mdomo ya mji," Hajati akasema. "Ukipika vizuri pale, wote watakufuata wewe. Ukiharibu, watatafuta mtu mwingine, na mimi siwezi kuwalazimisha."

Vijana, sikuwa na shaka hata chembe. Mwaka ule nilikuwa nasifiwa kila niendapo. Nilikuwa nimeugua homa moja mbaya kabla ya hapo, ikanilaza, nikaamka. Tangu niamke kilichonisumbua ni kwamba vitu vyote vya sokoni vilikuwa vimeharibika. Nyanya za siku hizo, maji matupu. Chumvi ya dukani, nilisema wameichakachua, unatia mkono mzima huisikii. Niligombana na muuza chumvi wa Rwekubo mbele za watu. Lakini chakula changu kila mtu alikisifu, nyumbani, kanisani, na kwa Hajati futari zote za mwezi ule. "Aah, Mama Sifa, mkono wako!" Nami nikatembea shingo juu.

Siku yenyewe ikafika. Jua limeanza kulala, uani kwa watu wale wa Nyamitanga tumejaa. Wote wamefunga. Hajati kwenye kiti chake, amefunga. Wenye nyumba, wamefunga. Majirani Wakatoliki walikuwa bado hawajafika. Ambao hatukufunga tulikuwa mimi, Neema, aliyekuwa kwao akivuna maharage tangu niugue na akarudi siku ile tu, na kitoto kichanga kilichokuwa mgongoni mwa mama yake. Supu ya pilau inachemka. Mchele uko kwenye beseni. Nikaonja, nikaona supu imepooza, nikatia chumvi. Nikaonja tena, bado. Nikatia tena. Nikampa Neema kijiko kwa mazoea tu, huku nimeshainama kubeba beseni la mchele.

"Mama, ngoja."

"Nini?"

"Chumvi iko mingi."

Nikacheka. "Onja tena."

Akaonja. "Mama, iko mingi sana. Haitalika."

Mnajua aibu ya kuambiwa hivyo na mtoto uliyemfundisha wewe mwenyewe, mbele ya Hajati, mbele ya wenye nyumba? Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu baadhi yenu ni watoto wa mchungaji. Nikamwambia arudi Juru kwa maharage ya baba yake. Machozi yakamtoka pale pale, na safari hii hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. Lakini yule binti, bana, akashika beseni la mchele upande wa pili, hakuliachia.

"Unifukuze, mama. Lakini muchele hauingie."

Tukabaki tunavutana beseni kama wamama wa bombani. Muda unakwenda, adhana iko karibu, na pale uani hakuna mtu wa tatu wa kutuamua. Mwenye nyumba akamgeukia Hajati. Hajati akaniangalia mimi.

"Mama Sifa, onja. Mimi siulizi kama wewe unajua kupika. Mimi nauliza wewe unasikia nini mdomoni."

Nikachota. Nikaweka mdomoni, nikaacha ikae. Nikatafuta chumvi. Nikatafuta bizari, karafuu, nyama. Nikatafuta kila mahali, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni. Ilikuwa moto tu. Maji ya moto.

"Sisikii kitu, Hajati," nikasema.

Kumbe nyanya za watu hazikuwa na kosa. Wala yule muuza chumvi masikini.

Nikaachia beseni. Neema hakungoja kuambiwa. Akachota supu ndoo nzima, akatia maji, akaonja, akaongeza nyama ya pembeni, akaonja, akapunguza moto, akaingiza mchele. Alikuwa anapangusa pua kwa mkono wa nguo huku akiniamuru mimi niletee mfuniko. Nikauleta.

Adhana ikaingia. Hajati akafungua kwa tende na maji, akaswali, halafu akaletewa sahani. Akala kijiko, akala cha pili.

"Leo iko sawa," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Tangu mwezi umeanza ilikuwa inachoma."

Nilishindwa kuvumilia. "Hajati! Na wewe hukuniambia?"

Akaangalia sahani yake. "Wewe uko mkubwa sasa," akasema. "Na ulikuwa mgonjwa. Niliona aibu."

Hajati! Yule wa heshima-acha-mlangoni! Mwezi mzima mji wa Mbarara ulikula chumvi yangu kama dawa, wakanywa maji ndoo kwa ndoo, wakaniambia mkono wako Mama Sifa. Wote walinipenda. Aliyenitendea haki ni yule niliyemtukana.

Sufuria zilikwenda kwa Neema. Mimi mwenyewe nilisema zimwendee, na mimi mwenyewe nilisaidia kuzipakia kwenye gari. Msidhani nilifanya hivyo kwa tabasamu la kwenye mabango yenu. Niliumia. Niliona wivu wa kutapika. Kila sufuria niliyoinua nilikuwa naijua kwa kovu lake. Niliporudi Juru nilijifungia ndani, na wamama wa kanisani walipokuja kunifariji nikawauliza mmoja mmoja, na ninyi mlijua? Wakaangalia chini. Wakasema, "Mama, tulikuwa tunakuheshimu."

Kwa hiyo hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia pale hemani, kabla kipaza sauti hakijaondoka. Mnataka kuwainua wadogo zenu? Vizuri. Kwanza fundisha kitu unachokijua kwa mikono. Kama hukijui, kaa chini, kula wali, nenda nyumbani. Halafu mzoeshe huyo mtoto kukwambia ukweli tangu siku ya kwanza, wakati bado huuhitaji, maana siku utakapouhitaji hutakuwa na hamu nao. Na akikwambia, usimtukane kama mimi. Au mtukane, lakini achia beseni. Fulana ya mlezi wa vipaji unaweza kuvaa ukitaka. Inafaa kushikia sufuria ya moto.

Neema sasa anapikia Mbarara nzima. Ana wasichana wake, nasikia anawatukana kwa maelezo. Akipata nafasi anakuja Juru kuniona, na haji mikono mitupu. Juzi alifika na bakuli la pilau amelifunga kwa kitambaa. Akakaa mkekani akinitazama ninavyokula. Wali umechambuka, nyama laini, rangi yenyewe. Nikafurahi kwamba amenikumbuka, amepanda baiskeli vumbi lote lile kwa ajili yangu.

"Iko namna gani, mama?"

"Aah, Neema. Tamu sana, mwanangu."

Akalishika bakuli.

"Mama, sikutia chumvi hata kidogo. Ni juu ya ile presha yako." Akanisogezea bakuli. "Na mimi nilikuuliza chumvi. Sikukuuliza heshima."

Nikainamisha kichwa, nikala wali wangu.